Umeme na Tangi la Samaki Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akinunua tangi lake la kwanza huuliza kuhusu samaki, chakula na maji. Umeme huulizwa baadaye, mara nyingi siku ile kidole kinapotekenywa na kitu kisichoonekana ndani ya maji. Majibu haya yanaanza na ya msingi na kuishia na mambo yasiyotokea kila siku. Kila jibu linajitegemea; pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Kweli tangi la samaki ni hatari kwa upande wa umeme?

Vifaa vikiwa vizima na vimefungwa vizuri, hatari ni ndogo. Watu hufuga kwa miongo bila kupigwa shoti hata mara moja. Lakini jiulize ni wapi pengine nyumbani unapotumbukiza kifaa cha volti 230 (au 120, kutegemea nchi) majini, ukakiacha humo usiku na mchana kwa miaka, kisha ukaingiza mkono humohumo kung'oa majani yaliyooza. Kati ya umeme na maji kuna kioo chembamba cha hita (kifaa cha kupasha maji joto) na kipande cha mpira cha kuzibia. Basi.

Vifaa hivyo vimetengenezwa kwa kazi hiyo, na vikiwa vipya huifanya vizuri. Adui ni muda. Mpira wa kuzibia hukauka, ganda la waya hukakamaa na kupasuka pale linapokunjwa ukingoni mwa tangi, chumvi hupenya kwenye plagi. Tangi lililokuwa salama mwaka wa kwanza huenda lisiwe salama mwaka wa tano, na kwa macho halijabadilika kitu.

Ni kiasi gani cha umeme kinachoweza kumdhuru mtu?

Kinachodhuru ni mkondo unaopita mwilini. Miliampea 1 hivi husikika kama kutekenywa. Kwenye miliampea 10 hivi misuli ya mkono hukaza na mtu huweza kushindwa kuachia alichoshika. Kuanzia miliampea 30 zikipita kifuani kwa muda, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Miliampea 30 ni sehemu tatu za mia za ampea moja.

Wengine hujifariji kwamba pampu yao ni ya wati 4 tu. Wati hizo ni kile pampu inachokula ikiwa nzima. Ikipasuka, unachogusa ni soketi yenyewe, na soketi iko tayari kutoa ampea 10 au zaidi kwa yeyote atakayeiomba. Ngozi iliyoloa nayo huzuia umeme kidogo sana ukilinganisha na ngozi kavu, na mkono ulio ndani ya tangi umeloa hadi kwenye kiwiko.

Mbona samaki wangu wako hai kama umeme unavuja?

Kwa sababu ileile inayomwezesha ndege kutua juu ya waya wa umeme. Mkondo hupita penye njia ya kutoka upande mmoja na kutokea mwingine. Tangi la kioo au plastiki limekaa juu ya meza kavu, kwa hiyo maji yote yanaweza kupanda volti bila mkondo kwenda popote. Samaki aliye humo hajui kitu.

Wewe ndiye unayefungua njia. Mkono uko majini, mguu uko sakafuni au mkono wa pili umeshika taa ya chuma. Samaki wanaoogelea kwa raha si ushahidi wa usalama, na hili naomba lisomwe mara mbili.

## Kinga ya umeme

Nina fyuzi na sakiti breka. Hazitoshi?

Fyuzi na breka hulinda waya usiungue. Hazikulindi wewe. Breka ya ampea 16 husubiri mkondo uzidi ampea 16. Mwili wako ukipitisha ampea 0.1, kiasi kinachoweza kuua, breka huona ni sawa na mtu aliyewasha balbu.

RCD ni nini, na inafanyaje kazi?

Ni swichi inayokata umeme inapogundua kuwa umeme unavuja. Kwenye vifaa vya Marekani huandikwa GFCI. Ndani yake kuna kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda kwenye waya wenye moto na ule unaorudi kwenye nyutro. Kawaida vinalingana. Vikitofautiana, maana yake kuna mkondo uliopata njia nyingine, pengine mwilini mwa mtu, na swichi inakata.

Zile zilizotengenezwa kulinda watu katika nchi nyingi hukata tofauti ikifika miliampea 30, tena ndani ya theluthi moja ya sekunde au pungufu. GFCI hukata karibu na miliampea 5. Elewa kuwa RCD haizuii shoti isikupate. Utaisikia. Kazi yake ni kuifupisha kabla moyo haujavurugika.

Inaweza kuwa kwenye kabati kuu la umeme la nyumba, ndani ya soketi, au ikawa ya kuchomeka baina ya soketi na ekstensheni. Hiyo ya kuchomeka inamfaa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa kabati kuu. Kama una chaguo, chukua ya aina A badala ya AC: taa za LED na pampu za kisasa zina elektroniki zinazoweza kuvujisha mkondo usio wa kawaida, na aina AC inaweza isiuone. Bonyeza kitufe cha majaribio mara moja kwa mwezi. Isipokata, ibadilishe siku hiyohiyo.

Ukisoma jibu moja tu katika ukurasa huu, liwe hili.

Nyumba yetu haina waya wa ardhini. RCD itafanya kazi?

Itafanya, kwa sababu inalinganisha waya wenye moto na nyutro tu. Tofauti ni lini itakata. Penye waya wa ardhini, taa ya chuma ikianza kuvuja, mkondo hushuka ardhini mara moja na RCD hukata kabla hujaigusa. Pasipo na waya huo, taa itakaa na umeme wake ikikusubiri. RCD itakata pale utakapoishika.

Kuna ujanja wa kuunganisha pini ya ardhini na nyutro ndani ya soketi ili ionekane ardhi ipo. Ukimkuta fundi anafanya hivyo, msimamishe. Waya wa nyutro ukikatika mahali popote, kila kifaa chenye bodi ya chuma kitageuka kuwa na moto.

Kuna kitu ambacho RCD haikioni?

Kipo. Ukishika waya wenye moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, huku umesimama juu ya kitu kisichopitisha umeme, mkondo wote unarudi kwa nyutro. Hesabu inalingana, swichi haikati.

Ndani ya tangi hali inayofanana na hiyo hutokea hita inapopasuka. Maji yanagusa moto na nyutro kwa pamoja, mkondo unapita baina yake ndani ya maji, na RCD haioni upungufu wowote hadi kitu fulani kiyaunganishe maji na ardhi. Kitu hicho ni kawaida mkono wako. Itakata, ndiyo, lakini wewe ndiwe uliyeiamsha.

Basi niweke fimbo ya kuunganisha maji na ardhi?

Hapa wafugaji hubishana hadi usiku. Fimbo hii ni kijiti kidogo cha titani kinachotumbukizwa majini na kuunganishwa na waya wa ardhini. Hita ikipasuka, mkondo hupita kwenye fimbo na RCD hukata papo hapo, kabla hujafika nyumbani.

Msimamo wangu ni huu: kama una RCD inayofanya kazi na waya wa ardhini wa kweli, fimbo ni jambo jema. Kama huna RCD, usiiweke. Bila RCD, fimbo inayafanya maji kuwa njia nzuri ya ardhini. Siku utakayoweka mkono mmoja majini na mwingine ukashika taa yenye hitilafu, umeme utapita kifuani kwako kuelekea majini bila kizuizi. Hitilafu ndogo nayo inaweza kuendelea kupitisha mkondo majini kwa wiki nzima bila breka kustuka. Wala usijitengenezee fimbo kwa msumari au waya wa shaba. Msumari utaoza kwa kutu, na shaba ni sumu kwa kamba na konokono.

RCD ikikata nikiwa safarini, samaki si watakufa?

Wanaweza, na ndiyo sababu wengine huikataa kabisa. Dawa yake ni kugawa. Weka hita kwenye RCD moja na filta pamoja na pampu ya hewa kwenye nyingine. Hita ndiyo yenye hitilafu mara nyingi, na samaki huvumilia maji kupoa taratibu kwa muda mrefu kuliko wanavyovumilia kukosa hewa. Usilichanganye tangi na friji au mashine ya kufulia kwenye RCD moja, maana kila kifaa huvujisha kidogo na jumla yake huikaribisha swichi ukingoni.

## Ufungaji

Kitanzi cha matone ni kitu gani?

Maji hupenda kutambaa juu ya waya. Waya ukishuka moja kwa moja kutoka tangini hadi kwenye soketi, tone litaufuata hadi ndani ya plagi. Uache waya uning'inie chini kuliko soketi kabla haujapanda kuifikia. Tone likifika pale chini litadondoka sakafuni. Haigharimu kitu, ila kila waya uwe na kitanzi chake, hata ule wa taa.

Ekstensheni iwekwe wapi?

Ukutani au ubavuni mwa kabati linalobeba tangi, juu kidogo, pembeni mwa tangi. Isilale sakafuni, ambako maji yote yaliyomwagika huishia, wala isikae chini ya tangi sawasawa na mahali filta ya nje ilipo. Nimewahi kuona kabati la kupendeza sana ambalo ndani yake ekstensheni ilikuwa imelazwa kwenye sinia la plastiki "ili isilowe". Filta ilipovuja, sinia lile likajaa maji likawa bakuli.

Matundu ya soketi yatazame pembeni, si juu. Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni nyingine; kila muungano ni mahali pengine pa kulegea na kupata moto.

Vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, haitazidiwa?

Piga hesabu. Hita ya wati 200, filta ya 15, taa ya 40 na pampu ya hewa ya 4 ni jumla ya wati 259. Kwenye volti 230 hiyo ni kama ampea 1.1, kwenye volti 120 ni kama 2.2. Ekstensheni ya ampea 10 haitahisi mzigo. Mambo hubadilika ukiwa na matangi kadhaa au mashine ya kupoza maji, ambayo huvuta mkondo mkubwa kila inapoanza kuzunguka.

Kwa tangi moja, kinachounguza ekstensheni ni soketi iliyolegea au yenye unyevu, si wingi wa wati. Gusa plagi kwa mkono mkavu baada ya saa moja ya matumizi. Ikiwa ya moto, kuna tatizo pale hata kama hesabu iko sawa.

Pampu ya hewa ikae juu ya maji au chini yake?

Juu ya usawa wa maji. Umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi kupitia mpira wa hewa, yakaingia ndani ya pampu na kuendelea kumwagika hadi usawa ushuke. Umeme ukirudi, unaikuta pampu imejaa maji. Ikibidi ikae chini, weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira, na ibadilishe inapoanza kukakamaa.

Maji ya chumvi yana hatari zaidi?

Zaidi sana. Maji ya bahari hupitisha umeme mara mia au zaidi ya maji mengi ya bomba. Hilo peke yake lingetosha, lakini kuna jambo la pili ambalo wanaotoka kwenye maji baridi hawalitegemei: chumvi hutambaa. Viputo vinapasuka juu ya maji, vinarusha matone madogo kuliko uonavyo, matone yanakauka na kuacha unga mweupe kwenye kifuniko, taa, waya, mwisho ndani ya soketi. Unga huo hufyonza unyevu wa hewa na kugeuka njia ya umeme hata pale ambapo maji hayajawahi kufika. Hula pia pini za plagi, nazo zikichakaa hushika vibaya na kupata moto.

Futa waya na plagi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji baridi kila mwezi, zikiwa zimechomolewa, na uziache zikauke kabisa. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini, hiyo ni kutu ya shaba; plagi hiyo imeshamaliza kazi yake. Taa iwe na kioo au plastiki ya kuikinga na michirizi.

Vifaa vya volti 12 au 24 havina shida, sivyo?

Upande wa majini ni salama zaidi kwa mbali, na kama unanunua pampu mpya hilo ni jambo zuri la kutazama. Lakini adapta yenyewe iko kwenye volti za ukutani. Ikianguka majini, hatari ni ileile. Ifunge juu, mbali na matone, na usiibadilishe na adapta yoyote tu iliyokaa kwenye droo. Adapta duni inaweza kukosa utengano wa kweli kati ya volti za ukutani na volti ndogo.

## Hita

Hita imepewa sehemu yake kwa sababu ndiyo inayoleta nusu ya maswali.

Kwa nini hita hupasuka?

Mara nyingi kwa sababu mtu amesahau kuichomoa wakati wa kubadilisha maji. Usawa unashuka, hita inabaki hewani ikiwaka, kioo kinapata moto mkali, kisha maji baridi yanamiminwa juu yake. Kioo kinalia tu. Chomoa hita kwanza, subiri dakika 15 hadi 30 ipoe, ndipo uanze kupunguza maji. Baada ya kujaza, iache majini muda kama huo kabla ya kuichomeka.

Samaki wakubwa nao huigonga. Ukiwa nao, tumia kizimba cha plastiki cha kuikinga au hita ya titani, ambayo haipasuki, ila ina bodi ya chuma na kwa hiyo inahitaji waya wa ardhini.

Nitajuaje kama hita inaweza kuzama yote?

Tafuta alama ya IPX8 au IP68 na mstari wa usawa wa maji. Tarakimu ya 8 huonyesha kifaa kinaweza kukaa kimezama mfululizo kwa masharti ya mtengenezaji. Kama kuna mstari karibu na kichwa, maji yasiuvuke. Kifaa chenye IPX4 kinavumilia michirizi tu. Mahali pake ni nje ya maji.

Hita imekwama ikiwaka na maji yamechemka. Ni kosa la umeme?

Ni la themostati, swichi ya joto iliyo ndani ya hita. Ndani yake kuna ncha za chuma zinazogusana na kuachana mara maelfu. Kila mara cheche ndogo huruka, hadi siku zinaposhikana moja kwa moja. Kidhibiti joto cha nje hukata umeme wa hita hata themostati yake ikikwama. Hita mbili ndogo pia ni bora kuliko moja kubwa: wati 100 na 100 badala ya 200. Moja ikikwama, haina nguvu ya kuwapika samaki haraka. Tangi la ndani ya nyumba huhitaji takribani wati 1 kwa lita.

Kioo kina ufa mdogo lakini inafanya kazi. Niendelee?

Hapana. Zima kwa swichi kuu, chomoa, ndipo uitoe. Itupe baada ya kukata waya wake, mtu mwingine asije akaiokota na kuitumia. Gundi haitengenezi hita.

## Kazi za kila wiki

Lazima nichomoe vyote kila ninapoingiza mkono?

Ndiyo. Najua inachosha. Fanya iwe rahisi: weka vifaa vyote vya majini kwenye ekstensheni moja yenye plagi inayofikika bila kuinama nyuma ya kabati. Kitendo kimoja, vyote vimezima.

Kuzima swichi ya soketi si sawa na kuchomoa. Swichi nyingi hukata waya mmoja tu, na kama fundi aligeuza nafasi za waya, unaokatwa ni nyutro huku moto ukibaki kwenye kifaa kilicho kimya. Plagi ukiishika mkononi, huna la kukisia. Mikono iwe mikavu, na taulo liwe karibu kabla hujaanza.

Waya umetafunwa na panya (au paka). Naufunga tepu?

Kama jeraha lipo sehemu inayoingia majini au inayoweza kulowa, kifaa kinatupwa. Tepu ya umeme haizuii maji. Huyakaribisha na kuyafungia ndani. Waya wa pampu nyingi umemiminiwa gundi ngumu pamoja na koili, hivyo hauwezi kubadilishwa vizuri nyumbani. Kwenye sehemu kavu karibu na plagi, fundi umeme anaweza kuukata na kufunga plagi mpya.

Kifaa cha mtumba kinafaa?

Filta na taa, ukivikagua. Hita ya mtumba siinunui. Kukagua ni kuukunja waya taratibu kwa urefu wote ukitafuta nyufa, kutazama pini, kisha, kama ni kifaa cha kuzama majini, kukichomeka kwenye RCD kikiwa ndani ya ndoo ya maji yenye fimbo ya ardhini na kukiacha siku nzima, pasipo mtu wa kugusa ndoo.

## Dalili za hitilafu

Nahisi kutekenywa nikigusa maji. Nifanye nini?

Toa mkono, usiurudishe kuhakikisha. Nenda kwenye swichi kuu au chomoa ekstensheni kwa mkono mkavu. Mara nyingi mtu huhisi hivi akiwa na mkato kidoleni, kwa sababu ngozi iliyokatika haizuii kitu. Asiye na mkato anaweza kukwambia unaota. Mimi niliambiwa hivyo, na ilikuwa hita.

Vyote vikiwa vimechomolewa, toa kimoja kimoja na ukague. Usitafute mkosaji kwa kuchomeka na kugusa. Kama huna RCD, hii ndiyo siku ya kuipata: chomeka kifaa kimoja kwa wakati kupitia RCD, kikiwa majini na fimbo ya ardhini ikiwemo, na kile kitakachoikata ndicho.

Multimita inasoma volti 40 majini. Ni hatari?

Si lazima. Pampu na taa zilizo nzima kabisa huweza kuambukiza maji volti bila kuyagusa, na multimita ya kisasa, ambayo haivuti mkondo karibu wowote, huzionyesha. Volti hizo za kivuli hazina nguvu nyuma yake na huporomoka mara zinapopewa mzigo. Zima kifaa kimoja kimoja ukitazama kipimo. Kikishuka kidogo kidogo kwa kila kifaa, ni kivuli. Kama unasoma volti zinazokaribia za soketi, na zinatoweka zote unapochomoa kifaa kimoja, kifaa hicho kimepasuka.

Tesa ya bisibisi haiwezi kutofautisha haya mawili. Huwaka kwa vyote.

RCD inakata mara moja moja bila sababu.

Sababu ipo, ila haijitokezi kila wakati. Ikikata usiku, shuku hita, inayowaka zaidi maji yanapopoa. Ikikata saa ileile, shuku taa na taima. Ikikata baada ya kubadilisha maji, kuna plagi iliyolowa. Usiitoe RCD ili "kuona kama shida itaisha". Itaisha, na hitilafu itabaki.

## Dharura

Maji yamemwagika kwenye ekstensheni.

Usiiguse wala usisimame kwenye dimbwi. Kata umeme kwenye swichi kuu kama unaweza kuifikia ukiwa mkavu. Ekstensheni iliyojaa maji ya chumvi itupe. Ya maji baridi inaweza kukauka, lakini kwa kifaa cha thamani ndogo hivyo, sioni sababu ya kujaribu bahati.

Taa imedumbukia majini ikiwa inawaka.

Silika ni kuidaka. Mkono wako uuache ulipo, nenda kwenye plagi au swichi kuu. Taa imeshaharibika tayari.

Mtu amepigwa shoti na hajaachia.

Usimshike. Kata umeme kwanza. Ikishindikana, msukume au tenganisha waya kwa kitu kikavu cha mbao au plastiki, ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Piga simu ya dharura. Asipopumua kawaida, anza kubonyeza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, bila kuacha hadi msaada ufike.

Aliyezinduka na kusema yuko sawa apelekwe hospitali kama umeme ulipita kifuani, alipoteza fahamu, ameungua au ni mjamzito. Mapigo ya moyo hayaonekani kwa nje.

## Mambo yasiyotokea kila siku

Umeme hukatika sana. Inveta au jenereta zinafaa?

Zinafaa, kwa tahadhari mbili. Inveta za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi. Pampu zenye koili huvuma na kupata moto juu yake, kwa hiyo tafuta yenye mawimbi laini. Jenereta ndogo nyingi hazina nyutro iliyounganishwa na ardhi, na RCD inaweza isikate kama ilivyokata kwenye umeme wa kawaida. Usihesabu kinga yako kuwa ipo kwa sababu tu swichi ipo. Kwa saa chache, pampu ya hewa ya betri inatosha na haina hata moja ya matatizo haya.

Plagi ya kudhibiti kwa simu ni salama kwa hita?

Ikiwa ampea zake zinatosha na imekaa mahali pakavu, ndiyo. Ila kuzima kwa simu si kuchomoa, kama ilivyoelezwa kwenye Kazi za kila wiki. Mtu mwingine ndani ya nyumba, au ratiba uliyoisahau, anaweza kuwasha ukiwa na mkono majini.

Bwawa la nje linafuata mambo haya haya?

RCD, ndiyo, bila mjadala, maana pale umesimama miguu mitupu juu ya ardhi yenyewe. Mengine hubadilika: waya wa nje hupita ndani ya bomba na kufukiwa chini, soketi huwa na kifuniko cha mvua, na watoto hawaulizi kabla ya kuingia. Kazi hiyo mwite fundi umeme mwenye leseni. Au tumia pampu ya volti 12 na transfoma yake ibaki ndani ya nyumba.